Pumzi ya Saba

Mama Lusajo, jirani wa ukuta mmoja, anaapa kwamba Alhamisi iliyopita walikuja sita tu kikaoni, wakamkosa wa saba, na mmoja wao akatoka pale moja kwa moja mpaka kilabuni. Hadi leo mkewe anamtafuta.

Tupokigwe alimsikiliza huku akimfunga kaka yake vifungo vya shati, maana mikono ya Anyosisye ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa siku yake ya tisa bila pombe. Kikao cha kuacha pombe kilikuwa kimoja tu kata nzima, na mlango wake ulikuwa haufunguki mpaka unuse pumzi saba za watu waliowahi kunywa.

Walipofika, wanywaji walikuwa sita tu, Anyosisye akiwemo.

Tupokigwe akajaribu kupuliza. "Pumzi safi," mlango ukasema. "Tafadhali rudi nyumbani."

"Umekusifu, binti," mzee mmoja akamtania. "Sisi haujatusifu hata siku moja."

Hakuna aliyecheka. Tupokigwe akazunguka nyumba za jirani kumtafuta wa saba, lakini hata walevi waliojulikana walimwambia hawajawahi kuonja.

Aliporudi alimkuta Anyosisye ameshika kikombe cha pombe ya ulezi, alichokifuata mwenyewe kilabuni. Hakuwa amekinywa. Alikuwa amekinyoosha mbali na uso wake, povu likimchuruzika vidoleni.

"Kunywa wewe, mdogo wangu," alisema. "Funda moja tu, mlango ukunuse. Fanya haraka, nakuomba, mkono umeanza kurudi mdomoni."