Risasi Zote Kushoto

"Zimekaa pamoja, baba! Risasi zote! Kiganja kimoja kinazifunika!"

"Zimekaa pamoja kushoto," baba akafoka. "Jambazi wa kwenye ubao alikuwa katikati. Umefeli."

"Si unipe bunduki nyingine nijaribu!"

"Kila mwanafunzi anapiga na aliyopewa. Wenzako wamefaulu, wewe una kesi na chuma?"

Sebule ilikuwa ndogo kwa sauti zile. Kijana alikuwa bado na buti za mafunzo, tope limejaa kwenye zulia, na mama, ambaye siku nyingine angempigia kelele, wala hakuliona.

Huko chuo cha polisi walishambatiza jina: Kushoto. "We Kushoto," jamaa mmoja alimwambia, "ukimkuta jambazi, muombe asogee kidogo." Angecheka na yeye. Ila mkufunzi wa shabaha ndiye babake mzazi, na mtihani wa leo ndio ulikuwa wa mwisho. Ukifeli huo, unarudisha sare, unaenda zako.

"Mpe nafasi moja tu, mzee!" mama akalia. "Huyu si mwanao? Una moyo kweli wewe?"

Baba hakumtazama. Alikuwa anageuzageuza kinyundo chake cha shaba, kile anachogongea vichuma vya kulengea kila asubuhi mpaka bunduki ipige pale inapoelekezwa. Hutembea nacho mfukoni kama watu wengine na funguo zao.

"Kaka ulimpitisha mara ya kwanza tu," kijana akasema.

Kaka alikuwa ukutani, kwenye fremu, kavaa sare, anacheka meno yote nje. Sare hiyohiyo ndiyo walimzika nayo.

"Kaka yako alikuwa na jicho," baba akasema. "Wewe huna. Kauze viatu. Viatu havirudishi risasi."

"Sema tu sifai kuvaa nguo aliyovaa yeye."



Kijana akavua shati la sare. Akalikunja vizuri, pindo kwa pindo, kama baba alivyomfundisha, akaliweka mezani. "Sawa. Kuanzia leo mimi nina mama tu."

Mama akamkumbatia, machozi yanamtiririka. "Nenda kwa mjomba wako upumzike, mwanangu. Mimi niko upande wako, unasikia? Nitakufuata."

Baba aliinua mkono kidogo, kama anataka kumshika bega. Akaurudisha kwenye kinyundo.

Kijana akatoka, akaufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Mama akasikiliza zile buti mpaka zikaishia barabarani. Akafuta macho kwa kanga.

"Kesho asubuhi uigonge tena ile bunduki irudi katikati, mzee," akasema. "Asije akapewa mtoto wa watu."