Swali la Gatini

Mtoto wa mashuani akifika miaka saba huulizwa gatini: nchi kavu au bahari? Jibu lake ni la maisha, na mzazi akitamka neno, mtoto hurudishwa baharini. Sisi watu wa mashua tunazunguka visiwa bila ruhusa ya kutibiwa hata katika kimoja, na Raya wangu ana pumu. Ndiyo maana safari hii niliacha kumsuka nywele.

"Mama, samaki huyu ana sura ya baba!" alisema siku moja, akimwinua kwa mkia.

Nilitamani kucheka. "Peleka kelele zako huko mbele."

Mume wangu, Makame, alikuwa kwenye usukani. "Mama Raya, punguza. Mtoto hajakukosea kitu."

"Akinipenda hivi atachagua bahari," nilimnong'oneza. "Na kifua kile, bahari itamuua."

Leo asubuhi afisa wa gati aliinama mbele yake. "Haya binti, nchi kavu au bahari?"

Raya alinitazama. Mimi nikatazama maji.

"Nchi kavu."

Nilishusha pumzi. Afisa akatabasamu. "Umependa nini huku kwetu? Shule?"

"Hapana. Mama amenichoka. Nikikaa huku, labda atacheka tena."

Nilifungua mdomo. Makame akanibana mkono mpaka ukauma, nikafumba mdomo. Raya akachukua kifurushi chake. Alipofika langoni aligeuka, akampungia baba yake.