Pigo la Tatu

"Moja, mbili, ta..."

Kofi la mwalimu lilichelewa makusudi, na mama mkunga akajikwaa palepale.

"Limenitoroka tena!" alilalamika, akiinua vidole juu ya kinanda. "Nimezalisha nusu ya mtaa huu, Mwalimu, lakini hili pigo la tatu limekataa kutoka."

Mwalimu alicheka, huku roho ikimsuta. Wimbo wenyewe ulikuwa mwepesi: mapigo matatu katika kila kipimo, la kwanza zito, mawili yanayofuata mepesi. Hata mtoto angeuweza, kama mwalimu angempigia makofi sawasawa. Lakini yeye alilichelewesha lile la tatu, kidogo tu, na kila wiki mwanafunzi akaanguka.

Ulikuwa wimbo wa mwisho kitabuni. Mkunga akiuweza, ataaga. Wanafunzi wengine walishahamia kwa walimu vijana, mkewe alikuwa kaburini, na simu yake haikuita ila mtu akikosea namba. Siku asizokuja mkunga, mwalimu alishinda hadi jioni bila kusikia hata sauti yake mwenyewe. Upweke ulimuuma, ndiyo maana akafanya hila.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na leo subira ya yule mama ilimtia aibu. Heri nibaki peke yangu, aliwaza, kuliko kumgeuza mtu mzima mjinga.

"Tuanze upya, mama," alisema.

Akapiga makofi kwa haki, kila pigo mahali pake, ameshajiandaa kuagana.

Mkunga akajikwaa palepale.

Mwalimu hakuelewa. Alifurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi.

"Pumzika kidogo," alisema. "Ngoja nikaandae chai."

"Usijisumbue sana, Mwalimu. Mimi sina haraka ya kwenda popote."

Chai ilikuwa imeshaiva aliposikia kinanda kinalia taratibu kule sebuleni. Wimbo uleule, mwanzo hadi mwisho, la kwanza zito, mawili mepesi, bila kujikwaa hata mahali pamoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kuupiga vizuri hivyo. Alisimama na birika mkononi, akisikiliza.

Wimbo ulipoisha, akabeba sinia hadi karibu na mlango, akasita. Kisha akagonganisha vikombe kwa nguvu, akangoja mpaka mkunga alipoanza tena na kujikwaa, ndipo akaingia.