Makisio ya Mwaka Mzima

Kacha, kacha, kacha. Vidonge viligongana ndani ya chupa zake, na mlio wake ukashuka ngazi kabla ya mwenye vidonge kuonekana.

Kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, Corinne Tvedt alifuta miwani, akavuta kompyuta karibu. Ilikuwa Novemba. Wazee wa mji walikuwa na hadi tarehe saba Desemba kuchagua bima ya dawa ya mwaka unaokuja, na yeye, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye aliyejitolea kuwasaidia kulinganisha bei.

"Taratibu, we mzee! Ngazi hazikimbii!"

Huyo alikuwa Ardis. Mbele yake aliteremka mumewe, Verlyn Haugerud, na mfuko wa karatasi mkononi. Upepo wa baridi wa Dakota, kaskazini mwa Marekani, ulijaribu kuingia nao, Ardis akaufungia mlango nje.

"Haya, mwalimu," Verlyn alisema, akamwaga chupa mezani. "Mwaka huu usinidanganye."

Alisema akicheka. Corinne hakuweza kucheka.

Mwaka uliopita yeye ndiye aliyebonyeza kuwachagulia bima. Kompyuta ilikisia dola sitini na tatu kwa mwezi, naye akawaambia sitini na tatu. Januari, dirishani kwa mfamasia, wakatajiwa mia tano na arobaini. Duka pekee la dawa mjini lilikuwa limejitoa kwenye bima ile, na Corinne hakuwa amepiga simu kuuliza. Ardis alilia mbele ya foleni ya watu aliobatizwa nao. Pesa ya gesi ya kupasha nyumba joto ikalipa dawa, na hadi Machi wawili wale walilala jikoni, kando ya jiko. Hawakumwambia mtu. Watu wa huku hawasemi. Huulizwa hali wakajibu "si mbaya sana", hata kama paa limeondoka.

Corinne alikuja kusikia Aprili, kwa mtu mwingine, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Bima ya Ardis waliimaliza upesi. Alikuwa na vidonge vya aina mbili tu, vya bei ya mboga. Akasimama.

"Nakwenda jikoni kutafuta kahawa. Usitie sahihi kitu mpaka nirudi. Wewe na karatasi hamjawahi kuelewana."

"Nenda, mama. Na keki za limau zifike hapa zikiwa hai."

Corinne akageuza kompyuta. Safari hii alikuwa amejiandaa. Alishapiga simu duka la dawa mara mbili, akapiga kwenye kampuni za bima, akaandika majina ya waliomjibu.

"Mbili tu zinakufaa. Hii ya kwanza, ada na dawa pamoja, dola elfu moja mia nne sabini na saba kwa mwaka. Ya pili, elfu moja mia tisa na nane. Chukua ya kwanza."

Verlyn alitazama muda mrefu. "Nionyeshe mwezi kwa mwezi."

Akamwonyesha. Ya kwanza ilidai mia sita hamsini na mbili Januari, kisha sabini na tano kila mwezi. Ya pili ilidai mia moja hamsini na tisa, Januari hadi Desemba, bila kupanda wala kushuka.

"Januari inauma," Corinne alikiri. "Kuna kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Lakini vumilia. Ikifika Julai unaanza kuokoa."

"Nataka ya pili."

"Verlyn, unatupa dola mia nne thelathini na moja!"

"Nimesikia."

"Ni hasira za mwaka jana? Basi nitukane yaishe. Ila usimwadhibu Ardis kwa kosa langu."

"Hasira gani? Binti yangu ulimpa sifuri ya hesabu, na bado nilikuletea mahindi."

"Alistahili sifuri."

"Alistahili," Verlyn alikubali, na wote wawili wakacheka kidogo.

Lakini Corinne hakuachia. Mwaka mzima alikuwa ameusubiri mchana huu, ampe mtu huyu namba iliyo sawa, na sasa namba ilikuwa sawa na mtu alikuwa anaikataa. Sauti yake ikapanda kama zamani darasani.

"Nimezihakiki moja moja! Nikikosea tena, njoo uchukue gari langu."

"Lile gari? Niongezee na dola mia za kulivuta."

Verlyn akatoa penseli mfukoni, akageuza karatasi ya Corinne yenye majina, akaanza kuandika miezi na kujumlisha polepole. Ya kwanza: mia nane sabini na saba. Ya pili: mia sita thelathini na sita. Ile ya pili akaizungushia duara.

"Gesi itatosha," alisema. "Ardis hatalala jikoni tena."

Corinne alichungulia. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kosa, kama ulivyokwenda kwenye madaftari kwa miaka thelathini na minne.

"Umejumlisha miezi minne tu. Umeishia Aprili."

Nyuma ya mlango wa jikoni, vikombe viligongana na Ardis akamchekesha mtu. Verlyn alisubiri kicheko kiishe. Kisha akaanza kurudisha chupa mfukoni, moja moja, bila kuzipa nafasi ya kulia.

"Hesabu yako haina kosa, mwalimu," alisema chini chini. "Ila mwakani Ardis atakuja peke yake, na bado sijamwambia alichosema daktari. Yeye umpigie hesabu ya miezi kumi na miwili."

Corinne alitazama ile Aprili kwenye karatasi.

"Nitampigia, Verlyn," alisema. "Nakuahidi."