Kivuli Upande wa Kushoto

Mdomo ulijifunga kabla neno halijaisha. Mchunguzi wa video alirudisha nyuma, akapunguza kasi, akatazama tena. Kijana kwenye kioo cha kompyuta alikuwa akisema, "Mama, niko salama, kazi tu imenibana," na pale mwishoni midomo ilikuwa imeshakutana huku sauti bado inaendelea.

Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Kiti kilikuwa hakikaliki leo.

Mwenye video, mshonaji nguo wa makamo, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani. Alipoileta hakueleza mengi. Alisema kijana ni mdogo wake, alikwenda ng'ambo kutafuta kazi, na kwamba yeye anataka kujua kama kuna kitu hakijakaa sawa humo. Mchunguzi hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alishaona matapeli wakiwachezea watu kwa sura za ndugu zao, na alijua mambo hayo huishia wapi.

Akaipitia picha kwa picha, roho juu. Kivuli cha pua kiliangukia kushoto. Cha kabati nyuma yake, kulia. Sauti nayo ilikuwa ya kuungaunga. Hakubaki na shaka: kijana hakuwahi kuyasema maneno yale. Lililomkosesha raha ni swali la yuko wapi, na nani anataka aonekane mzima.

Alimwita mshonaji ndani. Akatafuta maneno laini, akayakosa.

"Dada yangu, nisikufiche. Video hii imetengenezwa. Twende polisi sasa hivi, huenda tukamuwahi."

Alishamwandalia glasi ya maji. Mshonaji hakuigusa, wala hakulia. Aliuliza tu kosa liko wapi. Mchunguzi akamwonyesha mdomo, akamwonyesha vivuli. Mwanamke akainama karibu na kioo, akaomba arudie, kisha akataka kujua kama mtu wa kawaida, anayetazama kwenye simu, angeweza kugundua.

Anajilaumu, maskini, mchunguzi aliwaza. Akamwambia kuwa hata yeye, na kazi yake ndiyo hii, ilimtoa jasho. Asijione mjinga kwa kudanganyika. Hapo hapo akachukua simu ili awapigie polisi.

Mshonaji alimshika mkono taratibu.

"Hakuna wa kumuwahi, kaka. Alifia ng'ambo, tukamzika huko huko." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Hivi vivuli, unaweza kunirekebishia? Mimi nimejaribu, uwezo wangu ukaishia hapo. Na mama, ingawa amelazwa hospitali, macho yake bado makali."