Blanketi la Kujifukizia

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na chumba cha mafua, na kuta zilisikia kwelikweli. Aliyepiga chafya mara tatu aliingia humo, na mlango haukufunguka mpaka siku arobaini.

Mzee Mwinjuma alimlisha mkewe Siwatu kupitia kidirisha. Aliweka bakuli la uji, akarudi nyuma hatua nne kama kanuni ilivyotaka, ndipo mkono wa Siwatu ukatoka.

"Arobaini nzima kama mzazi," Siwatu alimtania jana, "na mtoto mchanga sina!"

"Mtoto ni mimi huku nje, nala ugali mbichi."

Leo arobaini ilitimia. Tangu asubuhi Mwinjuma alichemsha mchaichai na majani ya mpera, kama mama yake zamani. Enzi hizo mafua yakiingia nyumbani, watoto sita walifunikwa blanketi moja juu ya sufuria, vichwa vikigongana, makamasi yakitiririka, wakicheka mpaka mama awatishie kwa mwiko. Kama mvuke ule uliponya, hakujua. Alichokumbuka ni joto la mabega ya ndugu zake.

Mlango ulifunguka. Mwinjuma akajifunika blanketi lile la utotoni, akainua upande mmoja.

"Njoo, mama Zaituni. Tujifukize pamoja."

Siwatu alitabasamu pale kizingitini, akanyoosha mkono.

"Liweke hapo chini, baba Zaituni," alisema kwa upole. "Halafu rudi nyuma."

Mwinjuma aliliweka. Miguu yake ilikwisha kurudi hatua nne kabla hajaiambia.