Kocha Kwenye Korongo

Kocha Shedrack, aliyefundisha timu ya kuogelea ya chuo, alikuwa ameanza kukimbia mbio ndefu za milimani. Asubuhi hiyo alifika mahali ambapo njia ilikuwa nyembamba kati ya mwamba na korongo, na miguu ikagoma. Akaukumbatia mwamba. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka chini.

Mbonea, mwanafunzi wake aliyekuwa akikimbia naye, alikuwa ameshavuka. Ndiye mwogeleaji aliyeogopa kujirusha majini, na juzi kocha alimfokea mbele ya wenzake: "Maji yatakung'ata?"

"Kocha, njoo. Ukungu ukifika hapa hatutaonana."

"Nakuja."

"Mbona hujasogea?"

"Si nimesema nakuja, wewe binti!"

Mbonea hakucheka. Alirudi taratibu, akanyoosha mkono. "Umebana pumzi, Kocha. Itoe kwanza. Kule bwawani mimi huwa najaribu kuitoa, ila wewe unapiga filimbi kabla sijamaliza."

Kocha akatoa pumzi. Akaachia kidole kimoja kwenye mwamba, kisha kingine. Kiganja cha Mbonea kilikuwa bado mbele yake, lakini kuanzia kwenye kiwiko ukungu ulikuwa umeshamfunika.